Pichi Nyeusi za Tsovinar

Siku ile mjinga alikuwa Arshavir, na kwa kuwa mwenyewe amekwisha kukiri mbele ya soko zima, hatuna haja ya kumsitiri. Alikuwa mchora vibao vya maduka, koti lina madoa ya rangi saba, na jicho lake lilipenda king'aacho. Katikati ya msukumano wa soko kuu la Yerevan akasimama mbele ya meza ya Tsovinar, akazitazama alani zake, pichi nyeusi zilizokaushwa na kujazwa kokwa za jozi zilizopondwa, sukari na iliki, akauliza kwa sauti kama hizi ni za kuliwa au za kushonea viatu.

Tsovinar, shali nyekundu, nyusi zimekutana, hakucheka. Akambandika moja mkononi.

"Kula, kisha utafute pa kuficha huo uso."

Akala. Kesho yake akarudi, na keshokutwa, na kufikia Juni simu zao zilichemka hadi betri zikakata roho. Arshavir alimwita Tsovinar "kiatu changu". Bibie alimwita "rangi mbichi", kwa sababu ukimgusa anakuchafua.

Kilichomkera Arshavir ni meza ya jirani. Kule pichi zilifukizwa moshi wa salfa, zikang'aa kama balbu, na wateja walizifuata kama nondo. Tsovinar hafukizi. Marehemu mama yake hakufukiza, na wateja wao wa mwaka mpya walikuwa wale wachache walioijua siri ya weusi ule, akiwemo mzee Hamazasp mwenye pumu, ambaye salfa humfunga kifua.

Septemba, Tsovinar akaenda kijijini siku mbili kununua jozi. Alimwachia Arshavir ufunguo wa ua pamoja na trei za pichi zilizomenywa asubuhi ile, mzigo wote wa mwaka mpya. Kazi ilikuwa moja, kuzigeuza juani. Gari lilipokata kona tu, Arshavir, kwa mapenzi, akazifunika turubai akazifukiza.

Tsovinar aliporudi, ua mzima ulikuwa dhahabu. Arshavir kasimama katikati, mikono kiunoni, anangoja busu. Tsovinar alinusa tu.

"Nani kakutuma?"

"Nilikuonea huruma. Watu wanakupita kila siku."

"Nilikuachia ufunguo, sikukuachia jina la mama yangu. Mzee Hamazasp angekula moja, ningemwambia nini mkewe? Kwamba zilipendeza?"

Hasira huambukiza. Arshavir naye akafoka: basi awauzie wenye pumu peke yao, aone atafika wapi. Neno lilikwisha kutoka. Akaonyeshwa mlango, na pichi zikaenda kwa jirani kwa bei ya kutupa.

Alipiga simu mara arobaini. Ya arobaini na moja ikapokelewa. "Rangi imekauka," Tsovinar akasema, akakata.

Lakini mkaidi ni mkaidi. Oktoba Arshavir alinunua pichi za mwisho wa msimu, akazimenya hadi vidole vikachanika, akazianika barazani kati ya soksi zake na mvua. Zikawa nyeusi kama dhambi. Akazijaza mwenyewe.

Desemba thelathini, soko limefurika, meza ya Tsovinar ina tini chache na nafasi kubwa. Arshavir akatua trei mbili. Alani nyingine zimepasuka, nyingine zimepinda shingo.

Tsovinar akavunja moja, akanusa. Akavunja ya pili kama anayetafuta kosa.

"Sukari nyingi. Na hii umeijaza au umeipiga ngumi?"

"Mjinga nilikuwa mimi. Nifundishe."

"Ili mwakani uzipige rangi?"

"Mwakani nikae kwako, unichunge. Nataka kukuoa, Tsovinar."

"Unaniposa kwa pichi zilizopasuka?"

Arshavir akasema hata alani za Tsovinar hazikuwa na sura siku alipompenda. Basi akamwoe jirani, Tsovinar akamjibu, na sauti zikapanda, na foleni nzima ikageuza shingo.

Mzee Hamazasp, wa kwanza kwenye foleni, alikuwa amekwisha kuokota moja na kuitia mdomoni. Macho ya wote wawili yakatua kifuani pake. Akatafuna taratibu, akameza. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha.

"Pichi hazijanibana," akasema. "Mnaonibana ni ninyi. Binti, nipimie kilo mbili na umwitikie huyu upesi. Pumzi yangu ni ya kuhesabu, sina ya kuwagawia."