Mshumaa Usiozimika

Mlima ulipasuka katikati bila kelele, na watoto wa darasa la sita wakaona tumbo lake. Walikuwa wameketi sakafuni, viatu wameviacha mlangoni, ndani ya chumba kinachoitwa Mwigo. Mwigo ulikusanya picha za setilaiti na mitetemo ya ardhini, ukavifuma vyote kuwa mlima wa nuru unaokatika kama mkate. Mtoto aliweza kutia mkono kwenye uji wa mwamba na asiungue. Katika jiji la Lwangwale, lililojengwa kwenye mabega ya volkano, hakuna shule iliyokosa chumba hicho.

Aliyesimama mbele yao ni Tusekile Mwaisumo, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Shahada ya Ualimu wa Sayansi ya Dunia. Lilikuwa somo lake la mwisho la mazoezi ya kufundisha. Juu ya kichwa chake kilielea kidude cha duara, mfano wa chungwa, kinachoitwa mpimasomo. Mpimasomo hakikujali mwalimu anajua nini. Kilishika andalio la somo lililopitishwa na chuo, na kila mwalimu alipotoka nje ya andalio hilo, kilikata alama. Ukifeli somo la mwisho, shahada umeikosa.

"Sasa tushuke shimoni tukachore mawe," alisema Tusekile, kama andalio lilivyotaka.

Mwigo ukawashusha watoto kwenye bonde dogo la kijani, lenye maua na vipepeo. Binti mmoja aitwaye Subilaga akapiga makofi.

"Mwalimu, napajua hapa! Ni lile shimo la nyuma ya kiwanda cha chai. Jumamosi tunaenda kweli, tumeshapanga. Tutakaa humu humu tuchore."

Tusekile alikauka. Shimo hilo alilijua tangu utoto. Mama yake alikata majani ya ng'ombe kwenye mabonde hayo, na hakuna mkata majani aliyeshuka shimoni kabla ya kutanguliza moto. Walitia mshumaa ndani ya kopo, wakalifunga kamba, wakaushusha taratibu. Ukizimika, wanarudi nyumbani. Volkano hutoa hewa ya ukaa, nayo ni nzito, hutuama mashimoni kama maji, haina rangi wala harufu. Anayeketi humo husinzia, na haamki. Wataalamu wa dunia nzima huiita mazuku, neno la Kiswahili, na Mwigo wetu unaozungumza Kiswahili sanifu haukuwa nalo!

Hasira ikampanda. Miaka yote ya chuo aliambiwa kwamba somo la nje limepitwa na wakati, ni la kuchafua viatu. Na sasa hao wasiotaka kuchafua viatu walikuwa wamewapandia watoto maua juu ya kaburi.

"Zima," aliuambia Mwigo. "Watoto, vaeni viatu. Tunatoka."

"Mwalimu-mwanafunzi, rudi kwenye andalio," kilisema mpimasomo kwa sauti ya upole. "Alama zinakatwa."

"Kata! Kata mpaka uchoke!"

Aliomba mshumaa, kopo na kamba jikoni kwa wapishi, akaongozana na darasa zima hadi kwenye ukingo wa shimo, mpimasomo kikiwafuata na kurekodi. Aliwaagiza washikane mikono na asishuke mtu. Kisha akateremsha kopo. Mwali ulikuwa mzuri, wa manjano. Ulipofika karibu na chini ukakatika ghafla, bila upepo, kama umebanwa na vidole. Aliupandisha, akauwasha, akaushusha tena. Ukazimika palepale.

"Hapo ndipo mlipotaka kukaa," alisema.

Subilaga alianza kulia. Tusekile alimshika bega, lakini hakumwambia anyamaze.

Wiki iliyofuata aliitwa na Daktari Ambakisye, mkuu wa idara yake chuoni. Alikuwa mtu wa maneno laini, na siku hiyo hakumtazama usoni.

"Binti yangu, umefeli. Ungefuata andalio tu, halafu ukatuandikia maoni."

"Shikamoo yangu umeipokea, Daktari, basi nipokelee na hili. Wale watoto wangekufa Jumamosi. Maoni yangesomwa lini?"

"Mwigo umeidhinishwa kwa nchi nzima. Wewe ni nani wa kuuzima?"

"Mwalimu."

"Bado," alijibu Daktari, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Na kwa sasa hutakuwa. Lakini somo lako limetuvutia. Tutalitumia."

Tusekile hakuelewa kauli hiyo mpaka miezi kadhaa baadaye, alipokwenda kumchukua mpwa wake shuleni na kuchungulia mlango wa Mwigo. Mle ndani alijiona mwenyewe. Sura yake, sauti yake, hata namna yake ya kukunja mikono ya blauzi. Mwalimu yule wa nuru alishika kopo lenye kamba na kusema, "Wakata majani hutanguliza moto." Machozi yalimlenga. Basi angalau hilo wamelipokea, aliwaza.

Kopo likashuka. Likagusa majani ya chini, na mshumaa ukaendelea kuwaka, mkubwa na wa kupendeza. "Mwali unawaka, basi tushuke," ilisema sauti yake.

"Mbona hauzimiki?" Tusekile alimuuliza fundi wa chumba aliyekuwa karibu.

"Ah, walirekebisha, dada. Ukizimika watoto wanalia, na mpimasomo kinahesabu kilio kuwa kasoro ya somo."

Alimwacha fundi pale mlangoni kwa ghadhabu. Walimnyima cheti, wakachukua uso wake, kisha wakautumia kuwaita watoto shimoni.

Jumamosi iliyofuata alikwenda nyuma ya kiwanda cha chai na kopo lake. Hakungoja sana. Kundi la watoto wa shule nyingine lilikuja likiimba, kila mmoja na karatasi za kuchorea. Walipomwona walipiga kelele za furaha.

"Mwalimu wa Mwigo! Kumbe upo kweli!"

"Nipo. Simameni hapo hapo, mtazame." Akateremsha mshumaa. Ukazimika. Akauwasha, akauteremsha tena. Ukazimika.

Watoto walitazamana. Kisha msichana aliyetangulia, mwenye nywele za mabutu, akamwonea huruma.

"Mwalimu, huo mshumaa wako ni mbovu," alisema. "Ule wa Mwigo hauzimiki." Akapiga hatua kuelekea shimoni.

Tusekile alimdaka mkono. Kisha akalala chini kuziba njia, blauzi yake kwenye matope, akawaambia wote kwamba siku hiyo hapiti mtu, na kesho pia atakuwa hapo.