Safu ya Babu Anselm

Kila asubuhi Julieth alifagia uwanja, akateka maji bombani, kisha akashika njia ya shule. Njia hiyo ya vumbi, ambayo wapagazi wa zamani waliifuata na mizigo yao kwenda pwani, ilipita kando ya shamba la miti la kigango chao, tawi dogo la parokia, si mbali na Kipalapala. Hapo alipunguza mwendo. Safu ya mwisho ilipandwa na babu yake, Mzee Anselm, siku ya Pasaka, miezi miwili kabla hajafariki. Julieth ndiye aliyembebea ndoo ya maji.

Babu alikuwa katekista, naye ndiye aliyeanzisha desturi ya kupanda miti siku ya Pasaka. Alisema Bwana alifufuka siku hiyo, basi ardhi nayo ifufuke.

Mwaka huo Sista Theodora, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, alikuwa amerudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili. Watoto walimcheka chinichini. Fikiri, aliyesoma na Julieth darasa la sita, alithubutu kumwuliza kama naye huchapwa akichelewa. Sista alicheka mpaka miwani ikamteleza.

"Miaka ishirini nimepanda miti na babu zenu," akasema. "Kila mwaka tulihesabu tuliyopanda. Iliyobaki hatukuihesabu. Nimekwenda kujifunza kuuliza mingine imekwenda wapi."

Mwezi wa Septemba alikuja likizo na kumgawia kila mwanafunzi safu yake, kisha akaenda kuhesabu miti ya vigango vingine. Kiangazi hicho mininga yote ilikuwa imepukutisha majani, kwa hiyo macho tu yasingetosha. Aliwafundisha kukwaruza ganda kwa ukucha: ukiona kijani, mti uko hai.

Julieth aliomba safu ya babu. Akakwaruza mti wa kwanza, akakuta rangi ya kahawia. Wa pili vilevile. Wa kumi na nne, wa mwisho, ulivunjika mkononi kama kuni. Mwisho akaandika kwenye karatasi: hai, kumi na nne.

Baada ya siku tatu Sista alimwita. Karatasi zote zilikuwa zimetandazwa mezani, naye alikuwa akitabasamu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Kaa, mwanangu. Tazama ajabu hii. Safu zote za Pasaka zimekufa, isipokuwa ya babu yako. Huenda alijua siri ambayo sisi hatuijui. Nitamwomba padri tupande miche yote mia sita iliyoko kitaluni Pasaka ijayo, kama alivyopanda yeye."

Julieth aliiona akilini miche mia sita, na watu wakiimba, na kiangazi kikija.

"Sista, hakuna siri," akasema. "Imekufa yote. Nilishindwa kuandika kwamba babu amekufa na miti yake."

Sista hakumkaripia. Alivua miwani, akaifuta taratibu, kisha akamwambia kwamba naye alimlilia Mzee Anselm. Akamwonyesha safu mbili zilizopandwa Desemba iliyopita kwa sababu tu miche ya Pasaka ya mwaka jana ilibaki. Karibu yote ilikuwa hai. Iliyopandwa Pasaka ilikuta mvua zikiaga, ikaingia kiangazi bila mizizi.

"Babu yako hakukosa imani," akasema. "Alikosa mvua." Akampa penseli, na Julieth akasahihisha mwenyewe.

Desemba, wakati wa Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, kigango kizima kilipanda miche ardhi ikiwa imelowa. Pasaka ilipofika walirudi kwa nyimbo zilezile, safari hii kuipalilia.

Septemba iliyofuata Julieth alikwaruza mche wa kwanza katika safu ya babu, iliyokuwa imepandwa upya. Chini ya ganda palikuwa kijani kibichi. Sista Theodora, aliyekwisha kuhitimu, alisimama nyuma yake.

"Unaona?" akasema. "Mti uliokufa nao ni mwalimu. Ukiuandika kuwa hai, umemfunga mdomo. Anayempenda marehemu husema kweli juu ya kazi yake, kisha huiendeleza."

Julieth akaandika: hai, mmoja. Akasogea kwenye mti wa pili.