Harambee ya Karo ya Korea

Kila Jumatano akitoka shuleni, Wakonyo alipitia posta ndogo ya Chaka kuuliza kama kulikuwa na barua katika sanduku la kanisa. Nusu ya kijiji walitumia sanduku hilo. Kazi hiyo alipewa na baba yake, Mzee Kihara, kwa sababu moja: Wakonyo alijua Kiingereza. Alikuwa wa kwanza katika somo hilo darasa la sita, na kama hukuwa na habari, ungekaa naye dakika tano tu naye angekupasha.

Jumatano moja ya mwezi wa Oktoba mwaka wa 1989, karani wa posta alimpa bahasha ndefu nyeupe yenye stempu za maandishi ya ajabu, yaliyojaa vijistari na viduara. Juu yake lilikuwa jina la dada yake mkubwa, Ngendo. Wakonyo alikimbia hadi nyumbani bila kusimama, hata kiatu kimoja kikafunguka njiani.

Ngendo alikuwa amemaliza kidato cha sita na kupata kazi ya kufundisha huko Marsabit. Mwaka uliotangulia, redio iliposema kila siku jinsi wakimbiaji wa Kenya walivyoshinda medali mjini Seoul, yeye alikuwa akiwaza mambo mengine. Aliandikia chuo kikuu kimoja huko Korea Kusini kuomba nafasi ya kusomea kilimo. Watu walimcheka. Ati Korea! Nani aliwahi kutoka huku kwetu Kieni akaenda Korea? Sasa chuo kilikuwa kimejibu, na Ngendo mwenyewe hangefika nyumbani kabla ya shule kufungwa mwezi wa Desemba.

Mzee Kihara hakuweza kungoja Desemba. Jumapili hiyo, baada ya ibada, aliita nyumbani kwake kamati ya watu saba ya kuandaa mchango. Mwenyekiti alikuwa Gatimu, mwenye kinu cha kusaga mahindi, mtu mnene mwenye sauti kubwa ambaye hakuna harambee Chaka iliyofanyika bila yeye. Chai ilipokwisha kumiminwa, Mzee Kihara alimkabidhi Wakonyo barua.

"Soma, mama. Soma polepole, utuambie kwa Kiswahili."

Wakonyo alisimama katikati ya chumba, kifua mbele. Aya ya kwanza ilisema Ngendo amekubaliwa, na masomo yangeanza mwezi wa Machi. Mama yake aliweka birika chini akajifuta macho kwa kitenge. Aya ya pili ilitaja karo kwa dola, na Gatimu akaiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kisha Wakonyo akafika aya ya mwisho. Ilikuwa ndefu, ya herufi ndogo zilizobanana, na ilijaa maneno ambayo hajawahi kuyaona maishani mwake. Watu wote walikuwa wakimtazama yeye, msichana anayejua Kiingereza.

"Na hapo chini wanasema nini?" Gatimu aliuliza.

"Hapo chini ni salamu tu," Wakonyo akajibu.

Hakuna aliyeshangaa. Barua za watu wa Chaka zenyewe zilikuwa hivyo: nusu ya ukurasa habari, nusu nyingine salamu kwa shangazi, kwa majirani, na karibu hata kwa mbuzi.

"Kumbe hawa Wakorea ni watu wa adabu," Gatimu alisema kwa furaha. "Haya, tuombe."

Wakaomba. Kesho yake Gatimu alienda benki Nyeri kuuliza bei ya dola. Karo ilikuwa shilingi elfu ishirini, tikiti ya ndege elfu ishirini na nane, na nguo za baridi pamoja na chakula elfu kumi na mbili. Jumla elfu sitini. Kadi za harambee zilichapishwa zikiwa na hesabu hiyo kwa wino mwekundu, nazo zikagawanywa kuanzia Mweiga hadi Nanyuki.

Wiki mbili baadaye Mzee Kihara alimwomba Wakonyo ainakili barua ile kwa mkono ili mgeni wa heshima apewe nakala. Wakonyo aliichukua shuleni, akaazima kamusi kwa Mwalimu Philemon Mbuvi, mwalimu wao wa Kiingereza. Saa ya chakula cha mchana aliketi kwenye baraza ya darasa pamoja na Benter Apondi, binti wa polisi wa kituo cha Chaka. Benter aliketi naye dawati moja, na hakuwa na kipaji cha kunyamaza.

Wakonyo alimnong'oneza kuhusu zile salamu, nao wakafungua kamusi neno baada ya neno. Sentensi ya kwanza ya aya ile ilipowaelea, Benter alimgeukia rafiki yake.

"Wakonyo, hizi si salamu! Wanasema karo hiyo ni ya nusu mwaka. Ya nusu mwaka tu. Na bweni linalipwa kando."

"Usipige kelele."

"Lazima umwambie baba yako leo."

"Kadi zimeshachapishwa, Benter. Zimefika mpaka Nanyuki. Niseme nini? Niseme nilidanganya kamati nzima?"

"Kwani Ngendo akimaliza miezi sita atafanya nini? Atarudi kwa miguu?"

Wakonyo alifunga kamusi kwa kishindo, ingawa nusu ya aya ilikuwa bado haijasomwa. Hakutaka kujua zaidi. Alinakili barua yote kwa mwandiko mzuri, herufi kwa herufi, bila kutafuta maana ya neno lingine lolote.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kwake. Akikama ng'ombe, maziwa yalimwagika. Mwalimu Mbuvi akimwita asome darasani, alisoma kwa sauti ya chini hadi wenzake wakamwuliza kama ana homa. Nyumbani, baba yake alikuwa akiimba shambani, jambo ambalo Wakonyo hakuwahi kulisikia, na kila wimbo ulimchoma.

Siku ya harambee ikafika, Jumamosi ya tatu ya Novemba. Uwanja wa kanisa ulijaa tangu asubuhi. Wanawake walileta viazi kwa debe, kuku waliofungwa miguu, mayai kwenye sahani za bati, na kabichi moja kubwa kama kichwa cha ndama. Bibi mmoja kipofu kutoka Mweiga alikuja ameshikwa mkono, na sarafu zake zilikuwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Wakonyo alimwona akizifungua kwa meno. Alitamani ardhi immeze.

Kabla ya mchango kuanza, Mzee Kihara alisimama mbele ya watu. Alikuwa amevaa koti lake la harusi.

"Ndugu zangu, nasema hapa mbele ya kanisa," alianza, akiinua mkono. "Tukipata elfu hizi sitini, msichana wangu atasoma mwaka mzima, tangu Machi hadi Machi, bila kudaiwa hata senti. Mwaka wa pili nitauza viazi, nitauza ng'ombe, sitawasumbua tena. Nikisema uongo, mniulize mimi Kihara."

Hapo Wakonyo hakuweza kuvumilia tena. Uongo ulikuwa wake, lakini aliyekuwa akiapa ni baba yake. Miguu ilimpeleka mbele hata kabla hajaamua.

"Baba, si kweli," alisema. "Karo hiyo ni ya nusu mwaka. Mwishoni mwa barua hapakuwa na salamu. Maneno yalinishinda, nikaona haya kusema, nikadanganya."

Mzee Kihara alishusha mkono wake polepole. Mama alijishika mdomo.

"Rudia," baba yake alisema.

Wakonyo alirudia, safari hii machozi yakimtiririka. Kutoka nyuma mtu mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe tumeitwa kuchangia nusu ya safari?" Wengine wakaguna. Wawili watatu wakaanza kukunja kadi zao na kuzirudisha mifukoni.

Ndipo Mwalimu Mbuvi aliposogea mbele. Alikuwa mtu mwembamba kutoka Ukambani, mpole, asiyependa makelele.

"Barua iko wapi?" aliuliza. Gatimu akaitoa kwenye faili. "Vizuri. Isomwe yote sasa, watu wajue mzigo wote. Wakonyo, utaisoma wewe."

"Mwalimu, maneno mengine siyajui."

"Usilolijua niulize hapa hapa."

Wakonyo akaanza. Kila aliposhindwa alisimama akauliza mbele ya watu wote, naye mwalimu akamweleza. Benter alikuwa akihesabu. Ikasikika wazi kwamba karo hulipwa mara mbili kwa mwaka, kwamba bweni ni elfu kumi na tano kando, na kwamba mwaka wa kwanza wote ni wa kujifunza Kikorea kwanza. Gatimu alijumlisha kwenye kiganja, akatangaza kwa huzuni: hesabu kamili ya mwaka ilikuwa elfu tisini na tano.

"Endelea," Mwalimu Mbuvi alisema. "Bado kuna mistari mitatu."

Hii ndiyo mistari ambayo Wakonyo alikuwa ameifungia kamusi. Aliisoma neno moja moja, akauliza neno la saba, kisha akainua macho kwa mshangao.

"Mwalimu, wanasema mwanafunzi wa kigeni mwenye alama nzuri anaweza kupunguziwa karo nusu. Mzazi aandike barua ya kuomba, aiambatanishe na barua ya mwalimu mkuu wa shule aliyosoma, na itiwe muhuri wa posta kabla Novemba haijaisha."

"Novemba hii?" Gatimu aliruka. "Ati zimebaki siku kumi na mbili? Na sisi tulikuwa tumekaa tu tukipokea salamu!"

Kicheko kikapasuka uwanjani, na kikaondoa uzito wote uliokuwepo. Gatimu hakukipa nafasi kipoe. Alinyanyua ile kabichi kubwa juu ya kichwa chake. "Hakuna wa kwenda nyumbani! Kabichi ni shilingi ngapi?"

"Mia mbili!" alijibu mwenye duka la dawa. Akalipa, kisha akairudisha iuzwe tena. Polisi Apondi, baba yake Benter, akainunua kwa mia tatu, naye akairudisha. Kabichi ile iliuzwa mara kumi na moja, hata majani ya nje yakaanza kunyauka kwa kushikwashikwa. Waliokuwa wamekunja kadi wakazikunjua. Mtu yule aliyelalamika kutoka nyuma alinunua jogoo kwa mia nne, akasema hakuna anayependa kuambiwa alichangia nusu. Jua lilipoelekea milima ya Nyandarua, kamati ilihesabu mara mbili ili kuwa na hakika: shilingi elfu sabini na nane. Karo ikipunguzwa nusu, zilizohitajika zilikuwa elfu sabini na tano.

Wakati wa kukama jioni, Mzee Kihara alimkuta Wakonyo zizini.

"Leo umenitia aibu mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ungenyamaza, aibu ingenikuta wakati mtoto wangu yuko peke yake nchi ya mbali, na mimi sina la kufanya. Jumatatu tunaenda Nyeri mimi na wewe. Utaandika barua hiyo."

Jumatatu walionana na mwalimu mkuu wa shule ya zamani ya Ngendo. Wakonyo aliandika barua ya maombi mara tatu, Mwalimu Mbuvi akisahihisha, na Jumatano karani wa posta ya Nyeri aliigonga muhuri mbele ya macho yao. Mzee Kihara alimwomba aigonge tena, kwa usalama.

Barua ya jibu ilifika wiki ya pili ya Januari, Ngendo akiwa nyumbani. Jumapili aliisoma mwenyewe kwenye ngazi za kanisa, kuanzia tarehe hadi sahihi, bila kuruka hata nukta. Karo ilikuwa imepunguzwa nusu, na angeendelea kupunguziwa kila mwaka mradi afanye vizuri. Mzee Kihara alivua kofia yake, akaitupa juu kama mvulana, na hakujali ilikoangukia. Ngendo alimkumbatia mdogo wake hadi wakakaribia kuanguka pamoja.

Mwalimu Mbuvi aliwaita wanafunzi waliokuwa karibu.

"Watoto, mmemjua Wakonyo kuwa bingwa wa Kiingereza," alisema. "Lakini siku aliyojifanya anajua kila kitu, alikaribia kumwacha dada yake ugenini bila karo. Siku aliyokubali kwamba hajui na kwamba alidanganya, akauliza mara saba, ndiyo siku aliyomfungulia dada yake njia. Kusema ukweli kulimliza, mlimwona. Hata hivyo aliusema watu wangali na muda wa kusaidia. Nanyi mkikosea, semeni mapema, kabla kosa halijamwumiza mtu mwingine."

Wanawake walikuwa wamekwisha kujipanga kupiga vigelegele. Kwa desturi ya huko, mtoto wa kiume akizaliwa hupigiwa vigelegele vitano, na wa kike vitatu. Walipiga kimoja, cha pili, cha tatu, wakanyamaza. Mama yake Ngendo akawatazama, akajaza kifua pumzi, akapiga cha nne peke yake. Cha tano walikipiga wote, na kilisikika hadi sokoni.