Mahali pa Mlilana

Kila Jumamosi, akishamaliza wali na samaki mkavu, Jovelyn alishuka kwenye matope mbele ya kijiji chetu, hapa kisiwani Panay, kukagua miche ya mikoko ya darasa lake. Safari hii alihesabu mara mbili. Katika miche mia tatu, iliyo hai ilikuwa tisa.

"Daktari wa matope!" Rodel, mwenzake wa darasani, alimpigia kelele. "Wagonjwa wako wamekufa tena?"

Jovelyn hakucheka. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Baraza la kijiji lilikwisha kusema: miche ikifa tena, ufuo anapewa mwenye mabwawa ya samaki, yule ambaye baba yake aliufyeka msitu wote wa mikoko uliokuwa hapa. Jina lake ninalikumbuka, ila nisichafue kitabu cha watoto. Tangu msitu uondoke, mawimbi yameingia mara nne katika nyumba ya Lola Pacing, bibi yake Jovelyn.

Lola alikuwa hapo karibu, akibandua chaza kwenye mawe. "Nani kawatuma mpande mkoko huku mbele?"

"Mwalimu, Lola. Mbegu ya mkoko ni ndefu, unaichomeka tu."

"Na inatoka vizuri kwenye picha! Mjukuu wangu, huku mbele palikuwa pa mlilana, mti unaostahimili mawimbi. Mkoko ulikaa nyuma, umejikinga. Nilikuwa na mimba ya mama yako walipokuja na mashoka. Niliwazuia, wakanicheka. Lakini kila mti ulipokuwa, ninapajua."

Jumatatu Jovelyn alisimama darasani. "Mwalimu Ernesto, samahani. Tumepanda mti mahali pasipo pake."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta weee. "Niliyekosea ni mimi," akasema. "Tupeleke kwa bibi yako."

Walipoomba muda wa kujaribu tena, baraza lilinung'unika, likawapa miaka miwili. Mlilana mmoja mzee ulikuwa umebaki mdomoni mwa mto. Waliokota matunda yake, wakaotesha mbegu zake ndogo kwenye makopo ya maziwa. Miche ilipokua, waliipanda pale Lola alipowaonyesha, na Rodel ndiye aliyeitunza kuliko wote.

Miaka miwili ilipotimia, miche mia mbili na kumi na mmoja ilikuwa imesimama, kaa wadogo wakikimbizana chini yake. Baraza likaandika: ufuo ni wa msitu.

"Aliyekata alihitaji shoka tu," Lola aliwaambia watoto, mkono begani kwa Jovelyn. "Anayerudisha lazima aulize mti gani ulikaa wapi. Basi tuulizeni tungali hai. Na mkikosea, semeni mapema, kama huyu."

Kisha akainama, akachomeka mkoko wa kwanza, nyuma ya mililana.