Fundi Aliyeizima Sauti ya Kasoki

Jumamosi mchana, duka la vyakula vya Kiafrika lililo karibu na stesheni ya Granville, jijini Sydney, hujaa watu hadi mlangoni. Siku hiyo watoto walikuwa wakililia biskuti kwa Kiingereza, na mama zao wakiwakatalia kwa Kiswahili. Juu ya kaunta redio ndogo ilikuwa ikikwaruza mpaka meno yakaingia ganzi. Mutua, fundi umeme kutoka Machakos, hakuweza kuvumilia. Aliweka chini mfuko wake wa unga, akanyoosha mkono, akaanza kuigeuza antena.

"Weye! Acha redio ya watu!"

Aligeuka. Nyuma yake alisimama mwanamke aliyevaa liputa, kitenge cha Kikongo, ya manjano iliyomkaa sawasawa kiunoni, rasta zake nyembamba amezifunga juu, na kifuani amekumbatia mafungu matatu ya sombe, majani ya muhogo, iliyogandishwa.

"Inakwaruza, dada. Nairekebisha tu."

"Ukiharibu, saa nane watanisikia namna gani? Ni mimi nitakuwa ndani."

"Ndani ya redio? Pamoja na hiyo sombe yote?"

Mwanamke alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. Ni kicheko hicho kilichommaliza Mutua. Kilianza chini, polepole, kikapanda na kumwagika, hata mwenye duka akainua kichwa. Saa nane kamili Mutua alikuwa ndani ya gari lake, amelipaki nje ya duka hilohilo, akiisikiliza sauti ile ikitoka redioni: "Ni Kasoki wenu hapa. Minawasalimia wote, wa Granville na wa kando kando."

Kasoki alikuwa mzaliwa wa Butembo. Siku za kazi alifungasha dawa kwenye ghala moja la Smithfield; Jumamosi alitangaza kipindi cha rumba na salamu katika redio ndogo iliyokuwa juu ya duka la fundi cherehani. Redio yenyewe iliruhusiwa nguvu kidogo sana. Ukiendesha gari dakika chache tu kuelekea magharibi, sauti inakuwa mkwaruzo, kisha inakufa. Mkuu wa redio, Mrundi mpole aitwaye Irambona, alikuwa akitafuta fundi wa kuuangalia mtambo. Mutua alijitolea kabla hajaulizwa mara mbili.

Mapenzi yao hayakuchelewa. Kila baada ya kipindi walikula kuku wa kuchoma palepale Granville, na kila jioni simu ililia.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila chakula hakina utamu, weye hauko."

"Wacha uongo, Kasoki."

"Basi nimekula mara mbili. Umefurahi?"

Lakini kulikuwa na jambo moja. Mutua aliishi Mount Druitt, mbali magharibi ambako redio ile haikufika, na dada yake Jacky, muuguzi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki na aliyemleta Sydney. Jacky alikuwa amekwisha kumtafutia msichana wa kwao Machakos. Kila Kasoki alipouliza, "Nitamsalimia dada yako lini?" Mutua alijibu, "Yuko kwenye shifti," au "Amechoka wiki hii." Mwisho Kasoki akaacha kuuliza.

Irambona alipopata kibali cha kuweka mtambo wa pili Mount Druitt, ili upokee matangazo ya Granville na kuyarusha upya kule, Mutua ndiye aliyepanda kuufunga. Mahali penyewe palikuwa juu ya paa la duka la kinyozi. Mwenye duka, Douglas, alikuwa Mkenya mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, manukato yake yanatangulia kuingia kabla yake.

"Wewe ndiye fundi?" Douglas alimuuliza. "Kasoki aliniambia utakuja."

"Alikuambia nini kuhusu mimi?"

"Kwamba unajua nyaya."

"Basi?"

"Kwani kuna lingine, bro?"

Mutua alipanda ngazi. Kule juu alizikaza skrubu za antena kwa hasira hata moja ikakatika. Unajua nyaya! Miezi yote hiyo ya mapenzi, na yeye ni mtu wa nyaya tu.

Jumamosi iliyofuata, sauti ya kwanza kupiga simu kutoka Mount Druitt ilikuwa ya Douglas.

"Kasoki, malkia wa mawimbi! Leo nakusikia kana kwamba umekaa kwenye kiti changu nikunyoe."

"Weye Douglas! Unyoe rasta zangu, nibaki na nini?"

Na akacheka. Kicheko kilekile, kilichoanza chini kikapanda. Mutua alikuwa jikoni kwa Jacky akimenya vitunguu. Alikiweka kisu chini. Mtambo alioufunga kwa mikono yake ndio uliompa Douglas mlango.

Jioni alimpigia.

"Huyo Douglas unamjua vipi?"

"Ni msikilizaji. Na ni yeye alitupatia paa."

"Mbona unamchekea hivyo?"

"Ni kazi, chéri. Nikinuna, nani atasikiliza?"

"Si ungemwambia tu una mtu?"

"Na weye, kwenu umesema uko na mtu?"

Mutua akasingizia kwamba betri inaisha.

Wivu ukamwingia mwilini. Kazini alikosea nyaya. Kanisani, wenzake wakiimba, yeye alihesabu mara ngapi Douglas alitamka jina la Kasoki. Siku moja alienda kunyolewa kwa Douglas, nywele zake zikiwa fupi tayari, ili asikie tu atasema nini. Douglas alimwambia, "Kichwa kizuri, fundi," na hakusema zaidi. Hilo likamuudhi kuliko matusi.

Sasa, Mutua alikuwa na uwezo wa kuuzima mtambo wa Granville akitumia simu yake. Irambona alimpa ruhusa hiyo kwa ajili ya dharura, mashine isije ikaungua. Jumamosi moja Douglas alipoanza, "Malkia wangu," kidole cha Mutua kikagusa simu. Redio ikatoa shwaaa, kote Granville na Mount Druitt. Alingoja mpaka alipodhani Douglas amekata, akawasha tena. Moyo ulimpiga kama wa mwizi, lakini alilala vizuri kuliko siku zote za mwezi ule.

Wiki iliyofuata Douglas alipiga akasema, "Leo nina zawadi yako, Kasoki." Mutua akazima. Safari hii aliitupa simu kwenye kochi, akatoka kutembea barabarani, akarudi kipindi kinakaribia kwisha, ndipo akawasha.

Asichojua ni kwamba katikati ya kimya kile, Kasoki alisoma tangazo la msiba. Familia ya Chibalonza ilikuwa imefiwa na mama, na ibada ya kumuaga imehamishwa hadi kanisa jingine, jioni ileile. Kasoki alilisoma mara tatu kwa sauti ya huzuni. Vipokea sauti vya masikioni vilimpa sauti yake mwenyewe moja kwa moja kutoka meza ya mitambo ya studio, kwa hiyo hakuweza kujua kwamba nje ya chumba kile hakuna aliyemsikia.

Watu wengi walienda kanisa la zamani, wakakuta mlango umefungwa, wakarudi makwao. Mama yule aliagwa na watu wachache. Kesho yake Chibalonza, binti wa marehemu, aliingia studio na kitambaa cheusi kichwani.

"Nilikuomba kitu kimoja, Kasoki. Watu wajue. Ulikuwa unacheka na wanaume, ukamsahau mama yangu."

"Niliisoma! Minaapa, mama, niliisoma mara tatu!"

"Nani alikusikia?"

Hakupatikana hata mmoja; waliosikia shwaaa walidhani ni redio zao tu, zilizozoea kukwaruza. Irambona, kwa uchungu, alimwomba Kasoki apumzike kwanza.

Kasoki alimpigia Mutua akilia. "Wananiita mwongo. Weye ni fundi, niambie, mashine inaweza kumeza maneno ya mtu?"

"Pole, mpenzi," Mutua alisema. "Pole sana." Neno alilopaswa kusema halikutoka. Alikaa kitandani na viatu vyake, akayaona mambo yote aliyoyafanya kwa kidole kimoja.

Alivumilia mpaka Jumatano. Akaomba ruhusa kazini, akaenda Granville, akamwomba Irambona awaite Chibalonza na Kasoki. Mbele yao watatu, amesimama, alisema, "Kasoki alisoma. Mimi nilizima mtambo. Nilikuwa na wivu na mtu aliyempigia simu. Sikujua kuna tangazo, lakini hiyo si sababu. Mama, nisamehe. Nimewanyima watu kumuaga mama yako."

"Utakuja siku ya arobaini," Chibalonza alisema, "utabeba viti. Vyote." Kisha akamgeukia Kasoki, akamkumbatia.

Irambona alichukua simu ya Mutua, akafuta ile ruhusa mwenyewe, akamrudishia.

Kasoki alimfuata Mutua hadi ngazini. Hakupaza sauti.

"Ungenigombeza, ningekugombeza. Ungemfuata Douglas mkapigana, ningecheka. Lakini weye ulinizima. Uliniacha niseme peke yangu ndani ya chumba kama mwendawazimu. Usinipigie."

Hakupiga. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Siku ya arobaini alibeba viti vyote, shati limelowa, na Kasoki alipita mbele yake na sinia la wali bila kumtazama. Douglas alikuwepo pia, amevaa suti. Alimkaribia, akashika upande wa pili wa meza ambayo Mutua alikuwa akiivuta.

"Bro, si ungeniambia ni wako? Ningenyamaza siku ya kwanza."

"Sikuwa nimemwambia mtu yeyote," Mutua alijibu. Na maneno hayo yalipomtoka, aliyasikia mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata alipiga simu ya studio. Wimbo ulikuwa unachezwa; Kasoki, aliyekwisha kurudishwa kipindini, alipokea bila kusikika hewani.

"Ni mimi. Nataka kutuma salamu. Kwa jina langu. Niseme nakupenda mbele ya watu wote."

"Hapana."

"Kasoki, tafadhali. Wote wasikie."

"Watu wote ni rahisi, Mutua. Ni mmoja tu anakushinda. Kamwambie yeye." Akakata.

Mutua alishuka sebuleni. Jacky alikuwa ameketi na sare yake ya kazi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Alimweleza yote: Kasoki, mtambo, msiba.

"Mkongo?" Jacky aliuliza mwishoni.

"Mkongo. Wa Butembo."

"Na yule wa Machakos niliyemwahidi mama yake?"

"Uliahidi wewe, dada. Samahani. Mimi niliahidi huku."

Jacky alitoa mguu mmoja majini, akaukausha polepole. "Kwa hiyo umemficha, kisha ukamwonea wivu. Mimi sikukulea hivyo. Mlete Jumapili, nimwone mtu aliyekufanya mjinga."

Ilimchukua Mutua ujumbe mmoja tu safari hii: *Jacky amekualika.* Jumapili baada ya kanisa Kasoki aliingia Mount Druitt, amevaa liputa ya zambarau na libaya, blauzi yenye mikono mipana, macho yako chini kwa heshima, mgongo umenyooka. Jacky alimkaribisha chai na chapati, akamtazama bila haya.

"Ndugu yangu alikuzima redioni. Umemsamehe?"

"Bado, dada. Minamsamehe kidogo kidogo. Leo nimefika nusu."

Jacky alikaribia kucheka, akajizuia. Mutua aliweka kikombe chini.

"Dada Jacky, huyu ndiye ninayetaka kumwoa. Kasoki, utakubali?"

"Kwetu mwanaume haulizi peke yake, tena chapati ikiwa mdomoni," Kasoki alisema, na sasa machozi yalikuwa karibu. "Uje uulize mbele ya mama yangu. Na usije bila mtu wa kwenu."

Jacky alipangusa vidole vyake kimoja kimoja kwa kitambaa.

"Mama yako anaishi wapi?"

"Hapa hapa Sydney, dada. Granville, nyuma ya stesheni."

"Na leo yuko nyumbani?"

"Yuko."

Jacky aliinuka, akachukua mkoba wake na funguo za gari, akafunga chapati zilizobaki ndani ya kitambaa safi kwa ajili ya mwenyeji wao.

"Mutua," alisema, "vaa viatu."