Mng'oazebaki wa Nyabusalu

Mashine ilitembea kwa miguu sita juu ya bonde la Nyabusalu, ikiichoma ardhi kwa sindano ndefu kama mikuki. Kila ilipochomoa sindano, matone ya zebaki yalimeta ndani ya kifua chake cha kioo, na watu waliosimama kando wakapiga vigelegele. Waliiita mng'oazebaki. Dakta Nyamizi, mtaalamu wa udongo aliyehangaika miaka kumi na moja kuiunda, alikuwa mzaliwa wa bonde hilohilo. Sumu ile ya zebaki iliachwa na wachimba dhahabu miaka themanini nyuma.

Siku ya tisa alipima maji ya chemchemi iliyo chini ya bonde. Akapima tena. Zebaki ilikuwa imezidi, akakimbilia mashine.

"Zima mashine!" alimpigia kelele fundi Lutego.

"Dakta, tumebakiza robo tu."

"Zima, nakuambia! Tunaua watu."

Alimweleza huku akihema. Zebaki haikuwa imelala tu ardhini. Ilikuwa imeshikwa na mboji, ile rutuba nyeusi ya majani na mizizi iliyooza. Mboji ina salfa ndani yake, na salfa ikishaikamata zebaki haiiachii kirahisi. Dawa ya mashine iliivunja mboji ili zebaki itoke. Nusu ilipanda kwenye kioo. Nusu ilikosa wa kuishika, ikateremka na maji.

"Kwa hiyo udongo ndio uliokuwa ukitulinda?" Lutego aliuliza.

"Miaka yote themanini. Na mimi nimeufumua."

Walikata mteremko kwa mtaro mrefu, wakaujaza udongo mweusi wa msituni na samadi iliyooza, ili zebaki ipate tena wa kuishika. Kijiji kizima kilibeba kwa mabeseni hadi viganja vikachubuka. Siku ya nne ya kazi hiyo maji yaliyopenya mtaroni yakaanza kusafika, na watu wakakumbatiana.

Nyamizi hakukumbatiana na mtu. Holo, mke wa kaka yake, alikuwa na mimba ya miezi saba, na siku zote tisa alikunywa maji ya chemchemi. Nyamizi alimkuta ameketi ukingoni mwa mtaro, uso umesawijika.

"Wifi, usinifiche. Sumu imemfikia mtoto?"

"Huenda. Sijui ni kiasi gani. Leo hii tunakwenda hospitali."

"Lakini udongo huu unaishika. Ulisema mwenyewe mbele ya watu."

"Ardhini, wifi. Si tumboni."

Holo akainamisha kichwa. Ndipo Nyamizi alipoona weusi kwenye pembe za midomo yake.

"Tangu juzi," Holo alisema kwa sauti ndogo. "Kiganja asubuhi, kiganja jioni. Si wajawazito wote tunakula udongo? Nikasema utamshikia mwanangu hiyo sumu."

"Umechota wapi?"

Holo alinyoosha kidole upande wa juu wa mtaro, pale maji ya bondeni yanapoingilia na zebaki inaponaswa kwanza.

Nyamizi alipiga magoti, akamshika wifi yake taya, akamwingiza kidole kinywani na kuanza kukomba.