Sauti ya Papa Jérémie Kwenye Kaseti

Kila asubuhi Arlette humnywesha baba yake uji, kisha humketisha barazani. Wanaishi mjini Baraka. Papa Jérémie alikuwa mwalimu wa kwaya kule Swima. Ugonjwa wa kupooza ulimnyang'anya sauti. Sasa hasemi neno.

Sauti yake ilibaki kwenye kaseti moja ya video, ya arusi ya Arlette. Siku hiyo aliimba na kwaya yake wimbo alioutunga mwenyewe. Lakini unyevu umeanza kuiharibu kaseti.

Anatole, mume wa Arlette, aliicheza kwenye televisheni, akairekodi kwa simu. Picha ilitetemeka. Pikipiki ilipita nje, ikaumeza wimbo.

"Papa hasikike hata," alisema Arlette kwa huzuni.

Wakamwita jirani yao Pulchérie, anayepiga video za arusi. Alikuja na kompyuta na kifaa kidogo chenye nyaya tatu.

"Musikamate picha ku kioo ya televisheni," alisema. "Tuikamate ku mashini yenyewe yenye iko inacheza kaseti. Waya wa manjano ni wa picha. Mwekundu na mweupe ni ya sauti. Hiki kifaa kinaingia ku ordinatere," akaionyesha kompyuta yake.

"Itaingia yote mara moja?" aliuliza Anatole.

"Hapana. Kama kaseti inacheza saa moja, tutangoja saa moja. Kwanza tujaribu kidogo."

Aliunganisha nyaya, picha ikatokea kwenye kompyuta, safi. Watu waliimba, lakini kimya. Arlette aliisogelea kompyuta.

"Sauti yake imepotea?"

"Hapana, mama. Ordinatere iko inasikiliza mikro yake, ile ya kunasa sauti ya hapa nyumbani. Lazima niiambie isikilize kifaa."

Pulchérie alibadilisha mpangilio wa sauti kwenye kompyuta. Sauti ikaja. Akairudisha kaseti mwanzo, akaanza kurekodi kwanza, ndipo akaicheza. Mwishoni alihifadhi video na kuinakili kwenye flash mbili.

"Moja ikae hapa. Ingine mutume kwa ndugu yenu kule Ubwari. Kitu kikiwa kimoja tu, kinapotea."

Waliipeleka kompyuta barazani. Papa Jérémie aliisikia sauti yake ikiimba. Mkono wake wa kushoto, ambao haukupooza, uliinuka, ukaanza kuongoza. Pale sauti ya pili ilipochelewa kuingia, alikunja uso kwa hasira. Arlette alicheka huku akilia.

Jumapili, wanakwaya walikuja kutoka Swima. Walikuwa wamesahau ubeti wa mwisho wa wimbo wake. Walijifunza kwenye video, na mzee akawaongoza kwa mkono wa kushoto.